Kupiga picha vichochoroni China: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa na wanafunzi wanaojiandaa kwenda kusoma, na wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou kufunga mzigo wakabakiwa na siku mbili za bure, na wapiga picha wa harusi waliochoshwa na harusi. Mimi nilisoma Beijing miaka minne, kamera ikiwa kisingizio changu cha kutoka bwenini. Ninapopajua nitakaa, kwingine nitapita haraka.

Hutong ni nini hasa?

Ni kichochoro cha Beijing. Wengi husema jina limetokana na neno la Kimongolia lenye maana ya kisima, maana mji ulipangwa upya karne ya 13, enzi za Kublai Khan, na watu hujenga palipo na maji. Pande mbili za njia kuna kuta za matofali ya kijivu. Nyuma ya kuta kuna siheyuan, nyumba yenye vyumba pande nne na ua katikati.

Zamani siheyuan ilikuwa ya ukoo mmoja. Baada ya 1949 nyingi ziligawanywa, zikaingia familia tano, kumi, hata zaidi katika ua mmoja. Wenyewe huuita dazayuan, ua wa mchanganyiko. Kisha likaja tetemeko la Tangshan, Julai 1976. Watu waliogopa kulala ndani wakajenga vibanda uani, na vibanda havikuondoka tena. Vikawa majiko, vikawa stoo, vikawa chumba cha kijana aliyeoa. Ndiyo maana leo ukichungulia mlangoni huoni ua wowote, unaona kinjia cha upana wa mabega kinachopinda kuelekea gizani. Nyumba nyingi hazina choo, kwa hiyo vyoo vya umma viko kila baada ya hatua kadhaa.

Mtu anayeishi humo hana pa kukalia ndani. Anatoka na kiti chake. Anamenya vitunguu saumu nje, ananyolewa nje, anacheza xiangqi (sataranji yao) chini ya mti, mwezi Novemba anapanga kabichi za majira ya baridi juu ya kidirisha. Kazi yote ya mpiga picha inatokana na ufinyu huo.

Na longtang, vichochoro vya Shanghai, ni kitu kilekile?

Hapana. Hutong ilikuwepo kabla, nyumba zikajipanga kuifuata. Longtang ilijengwa kwa mpigo, na ilijengwa kibiashara. Miaka ya 1860 vita vya waasi wa Taiping viliwakimbiza maelfu ya watu hadi maeneo yaliyokuwa chini ya wageni Shanghai, na wenye mitaji wakaona fursa ya kodi. Wakapanga nyumba safu kwa safu kwa mtindo wa Kizungu, lakini kila nyumba ikawa na kiua chake na lango lenye fremu ya mawe kwa mtindo wa kusini ya mto Yangtze. Lango hilo ndilo lililozipa jina la shikumen. Kuna njia kuu inayoingia kutoka barabarani, na vijia vinavyochanua kutoka humo kama meno ya kitana.

Juu ya vichwa kuna mianzi ya kuanikia nguo. Kama hupendi picha za nguo zilizoanikwa, Shanghai si mahali pako. Huko ndiko pia watu walikozoea kwenda dukani na pajama zao, mpaka kampeni ikapita mitaani kabla ya Maonyesho ya Dunia ya 2010 kuwaomba waache. Nilipofika mimi baadhi walikuwa bado hawajasikia.

Kila picha yangu ya kichochoroni inatoka giza upande mmoja. Kosa liko wapi?

Huenda hakuna kosa. Nyumba za Beijing hutazama kusini, kwa hiyo hutong nyingi zimelala mashariki kwenda magharibi. Asubuhi na jioni jua linaipita njia kwa urefu wake, kama tochi iliyolazwa sakafuni, na mzee na mbwa wake wanatupa vivuli vya mita kadhaa. Mchana wa baridi jua linakaa chini upande wa kusini, basi ukuta ulio kaskazini mwa njia unawaka na wa pili unabaki kivulini. Wazee wanaijua hesabu hiyo kuliko sisi. Mwezi Januari viti vyote vimeegemea ukuta mmoja.

Pima mwanga kwenye ukuta unaowaka, kivuli kiache kiwe cheusi. Ukitaka kuokoa pande zote mbili utapata kijivu juu ya kijivu, na Beijing ina kijivu cha kutosha tayari. Longtang ni kinyume: njia ni nyembamba, nyumba zina ghorofa mbili au tatu, jua linafika chini karibu na saa sita mchana tu, tena limechujwa na mashuka. Huko mchana mweupe ambao kila mwalimu wa upigaji picha anautukana ndio saa yenyewe.

Nimeambiwa ile herufi kubwa ndani ya duara, ukutani, inasomwa "chai". Wanauza chai?

La. Chai yao wanaiita cha, na neno letu limetoka hukohuko kwa njia ndefu ya kupitia Uajemi. Herufi hii, 拆, inatamkwa chai na maana yake ni "bomoa". Wachina wenyewe hutania kwamba jina la nchi yao kwa Kiingereza linasikika kama *chai nar*: tubomoe wapi?

Miaka ya 1990 na ile iliyoelekea Olimpiki ya 2008, herufi hiyo ilipakwa kwenye maelfu ya kuta za Beijing. Mtaa wa Qianmen, kusini ya uwanja wa Tiananmen, ulijengwa upya ukafunguliwa mwaka 2008 ukiwa na sura ya zamani na rangi ya jana. Mwaka 2017 wimbi lilikuwa la aina nyingine. Wakazi walikuwa wametoboa kuta za hutong kufungua vibanda vya mboga, vinyozi, migahawa ya meza tatu. Mafundi wakapita wakaziba matundu hayo kwa matofali. Nyumba zilibaki, biashara ndogo zikatoweka, na pamoja nazo nusu ya watu niliokuwa nikiwapiga picha. Kinyozi wangu alihamia upande wa pili wa mji. Kwa wiki kadhaa nywele zangu zilikuwa ushahidi.

Shanghai ilionyesha njia nyingine mapema, pale Xintiandi, 2001: kuta za shikumen zimebaki, wakazi wameondoka, ndani kuna mikahawa. Guangzhou ina Yongqing Fang, Chongqing ina Shibati, ngazi kongwe zilizovunjwa zikajengwa upya na kufunguliwa 2021. Ukipiga picha mahali hapo, piga kilichopo: maharusi wakipozi, watalii wakikodi mavazi ya kale, mlinzi akipiga miayo. Kukata fremu ili mkahawa usionekane na kusema huo ni "mtaa wa kale" ni uongo mdogo, lakini ni uongo.

Usidhani pia kwamba kila mkazi analia. Mama mmoja wa karibu na Baitasi, hekalu la mnara mweupe la Beijing, aliniuliza kama ningekubali tubadilishane, yeye achukue chumba changu cha bwenini chenye maji ya moto, mimi nichukue ua wake wa kupendeza na choo cha ng'ambo ya njia usiku wa baridi. Sikuwa na jibu. Wengine wanasubiri fidia miaka na miaka, na kinachowaudhi ni kwamba herufi haijafika kwao.

Sheria inaruhusu kumpiga mtu picha mtaani bila kumwuliza?

Mimi si mwanasheria, ila jambo hili lijue kabla hujapanda ndege. Sheria mpya ya madai ya kiraia, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, inampa kila mtu haki juu ya sura yake. Sheria ya zamani ilijali zaidi matumizi ya kibiashara. Hii ya sasa haisubiri uingize pesa. Kutengeneza, kutumia au kutangaza sura ya mtu kunahitaji ridhaa yake, isipokuwa katika hali zilizotajwa, mojawapo ikiwa ni kuonyesha mazingira ya mahali pa umma ambamo sura hiyo haikuepukika.

Kwa lugha ya mtaani: picha pana ya kichochoro ambamo watu watano wanapita haina shida. Uso mmoja uliojaza fremu, ukaupandisha mtandaoni, huo ni mzigo wako.

Akiniambia nifute?

Futa. Mbele yake, akiona. *Shan le* maana yake "futa" au "nimefuta", na ukiongeza *duibuqi*, samahani, mambo huisha. Nimefuta picha nzuri sana. Hakuna aliyekufa.

Ni vitu gani nisivipige kabisa?

Askari, polisi wakiwa kazini, vizuizi, kambi na chochote chenye bango la kijeshi, mikusanyiko ya watu wanaolalamika mbele ya ofisi. Sheria ya kupambana na ujasusi ilikazwa Julai 2023, na mgeni mwenye lenzi ndefu hana sababu ya kuipima makali yake. Xinjiang, magharibi kabisa ya nchi, hasa mji wa Kashgar, ukaguzi ni mwingi, na picha yako inaweza kumletea matatizo mtu uliyempiga kuliko wewe mwenyewe. Mimi Kashgar nilitembea siku tatu bila kupiga uso wa mtu hata mmoja.

Nitaongeza langu: foleni ya choo cha umma asubuhi. Utaiona, inachekesha, watu wamevaa pajama na kushika karatasi. Iache.

Nitaombaje ruhusa bila kujua Kichina?

*Keyi pai ma?* Naweza kupiga? Tamka "p" kwa pumzi. Lakini kabla ya hapo kuna salamu, na hapa sisi tuna bahati, kwa sababu tumelelewa kwenye shikamoo. Beijing mtu mzima haambiwi *ni*, anaambiwa *nin*, wewe ya heshima. Mzee wa kiume ni *daye*, mama mtu mzima ni *dama*. Fundi yeyote, wa baiskeli, wa viatu, dereva, ni *shifu*. Kusini na Shanghai mama wa makamo ni *ayi*, yaani shangazi, ila usimwite hivyo mwanamke wa miaka arobaini anayejipenda. Mwite *dajie*, dada mkubwa, utaona uso ulivyofunguka. Mzee aliyeamkiwa vizuri na mgeni kutoka Afrika, tena kwa lafudhi mbovu, atakuuliza umekula. Hapo umeshapata picha na huenda na chakula.

Akikataa atapunga mkono mbele ya uso wake au atasema *bu yao pai*. Usimbembeleze.

Yuko pia mama mwenye kitambaa chekundu mkononi, ameketi mwanzo wa kichochoro kama hana kazi. Ana kazi. Ni wa kamati ya mtaa, na kwa Mtanzania njia rahisi ya kumwelewa ni kumfikiria balozi wa nyumba kumi. Msalimie wa kwanza, umwambie wewe ni mwanafunzi au mtalii unayependa nyumba za zamani. Akishakujua, mtaa mzima umekujua.

Mimi ni Mwafrika. Wapiga picha wa mitaani hutakiwa wasionekane. Mimi nitajificha wapi?

Hutajificha. Nilipoteza mwaka mzima nikijaribu ushauri wa kwenye vitabu: vaa nguo za kijivu, kamera kifuani, usimtazame mtu machoni. Nikageuka kichochoroni na watu wote wakaacha walichokuwa wakifanya. Watoto wakaita *heiren*, mtu mweusi, bibi mmoja akanishika nywele, na simu nne zikanipiga picha mimi kabla sijainua kamera yangu.

Nilikuja kuelewa kwamba kuonekana kuna muda wake wa kuisha. Siku ya kwanza wewe ni sinema. Siku ya pili wewe ni marudio ya sinema. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu, katika hutong moja nyuma ya Mnara wa Ngoma, nilipewa upande mmoja wa kochi bovu nisaidie kulitoa nje. Kuanzia hapo hakuna aliyesimamisha mchezo wa karata kwa sababu yangu. Wanaojificha huiba picha moja na kuondoka. Asiyeweza kujificha analazimika kurudi, na aliyerudi mara kumi anaona mambo ambayo hayaonekani kwa jicho la siku moja: mzee anayewaachia njiwa wake wenye filimbi za kibuyu mkiani kila saa kumi jioni, kiti chenye mguu wa waya ambacho kila wiki kinaongezewa waya mwingine.

Kuhusu kupigwa picha wewe: kubali. Umekuja kuwafanyia hilohilo.

Mabaya yapo pia, sitayaficha. Kuna teksi zitakazokupita, na kuna watu watakaobadili upande wa njia. Siku za namna hiyo nilirudi bwenini bila picha.

Niende Xiaobei, Guangzhou, kupiga picha za Waafrika wenzetu?

Utasikia Kiswahili pale kabla hujamaliza kushuka ngazi za kivuko. Xiaobei na Sanyuanli wamepita wafanyabiashara wetu wengi, wenye maduka Kariakoo na Nairobi. Lakini kwa kamera ni mahali pagumu kuliko hutong yoyote. Wengine wana viza zilizokwisha. Wengi wanakumbuka Aprili 2020, Waafrika walipotolewa kwenye nyumba na hoteli katika hofu ya korona, na picha za wenye mabegi barabarani zikazunguka dunia bila wao kuulizwa. Weka kamera begini, kula wali, zungumza. Ukialikwa kupiga, piga. Usipoalikwa, umekula wali.

Upande mwingine wa mji, wilaya ya Liwan, ndiko kwenye Guangzhou ya kale: majengo ya qilou, ambayo ghorofa ya juu inafunika njia ya miguu ili mvua na jua visimguse mteja, na milango ya tanglong, fito za mti za mviringo zilizolazwa moja juu ya nyingine, inayosukumwa pembeni. Mlango wa ndani ukiachwa wazi, fito zinaingiza hewa na kuzuia mwizi, nawe unapata sebule nzima iliyokatwa mistari. Omba ruhusa; hiyo ni nyumba ya mtu. Pitia pia vijiji vilivyomezwa na jiji, kama Shipai, ambako nyumba zimesogeleana hadi Wachina wakaziita nyumba za kupeana mikono, dirisha kwa dirisha. Mchana taa za barabarani zinahitajika.

Zile picha maarufu za mvuvi na mnandi wake juu ya chelezo, au mzee na kiko kwenye nguzo ya mwanga, ni za kweli?

Watu ni wa kweli. Tukio limepangwa. Wavuvi wa Xingping kwenye mto Li hulipwa kupozi alfajiri, taa imewashwa, wavu unarushwa mara nane mpaka kila mtu apate. Wachina wana neno lake, *baipai*, picha ya kupangwa, dhidi ya *zhuapai*, picha ya kunyakua. Sina ugomvi na mvuvi. Samaki hawalipi kama watalii. Ugomvi wangu ni na anayeitundika picha hiyo akiandika kwamba alikuwa akipita tu.

Nyumba ya chai ya Pengzhen, nje kidogo ya Chengdu, iko katikati ya mambo haya. Ni kweli wazee wa mtaa hunywa chai pale kabla ya mapambazuko, sakafu ni ya udongo wenye vinundu, jua linapenya kwenye vigae likikuta mvuke. Lakini Jumamosi wapiga picha huwazidi wanywaji. Nenda siku ya kazi, kaa, lipa chai yako, inywe.

Kamera gani?

Ndogo. Lenzi moja, milimita 28 au 35, kwa sababu huna pa kurudi nyuma. Kuna kichochoro Beijing, Qianshi, eneo la Dashilar, ambacho watu wawili wakikutana mmoja anarudi kinyumenyume. Apecha f/8, shata 1/250, fokasi iwekwe mita mbili, basi. Simu inatosha kabisa na haiogopeshi mtu. Lenzi ya milimita 200 hukufanya uonekane mpelelezi, na picha zake nazo zinaonekana za mpelelezi.

Saa ngapi, na msimu gani?

Nchi nzima inatumia saa moja, ile ya Beijing, iliyo mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa tano. Majira ya joto Beijing kunapambazuka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na watu wako nje: wanaonunua youtiao (vijiti vya unga vya kukaanga) za moto, wanaofanya taichi, wanaotembea kinyumenyume kwa afya. Saa sita hadi saa nane mchana ni usingizi. Piga mbwa na baiskeli. Jioni akina mama hucheza ngoma viwanjani kwa safu, spika moja kwa wote.

Septemba na Oktoba ndio bora kwa kaskazini, ila siku saba za mwanzo wa Oktoba ni likizo ya taifa na hutong zinazojulikana hujaa kama stendi ya mabasi wakati wa Krismasi. Mwaka Mpya wa Kichina ni kinyume cha unavyofikiri: wafanyakazi wote wamerudi kwao, mageti yamefungwa, mji mtupu. Mimi niliupenda utupu huo. Juni Shanghai hunyesha wiki kadhaa bila huruma. Guangzhou majira ya kuchipua kuta hutoka jasho na lenzi huota ukungu, kwa hiyo nunua vipakiti vya kukaushia unyevu, vingi.

Filamu za kamera bado zinapatikana?

Zinapatikana, na maduka ya kusafisha picha ni mengi kuliko kwetu. Shanghai waliwahi kutengeneza kamera za Seagull, na ile ya lenzi mbili ya kutazamia kutoka juu bado inauzwa ikiwa kuukuu. Ukiinama kuitazama watu hukuona mnyenyekevu. Tatizo ni moja: kila kituo cha treni ya chini Beijing kina mashine ya eksirei ya mabegi. Mara moja si neno, lakini ukipita mara sita kwa siku kwa wiki nzima filamu inachoka. Ziweke kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, uombe zikaguliwe kwa mkono. Duka moja lilinipotezea roli mbili nzima, na hilo halikuwa kosa la eksirei.

Droni?

Iache nyumbani.

Nimlipe mtu niliyempiga picha?

Hapana, mrudishie picha. Hili ningekuwa na uwezo ningeliweka juu kabisa ya ukurasa. Kwa vijana ni rahisi: mnaunganishwa WeChat, mtandao wao wa ujumbe, hapohapo, unamtumia jioni. Kwa wazee, safisha picha ya karatasi. Gharama yake ni ndogo kuliko bakuli la tambi.

Mwaka wangu wa pili nilirudi kwenye ile hutong ya nyuma ya Mnara wa Ngoma na bahasha yenye picha kumi na mbili. Nusu saa baadaye nilikuwa nikiburutwa mlango hadi mlango, kila mtu akitafuta sura yake, na wasiokuwemo wakidai wapigwe sasa hivi. Mmoja alikwenda kubadili shati. Mzee wa njiwa aliitazama yake muda mrefu, akaingia ndani, akatoka na picha ndogo ya nyeusi na nyeupe: yeye, kijana, mlango uleule, ua nyuma yake ukiwa bado haujajengwa vibanda. Hakuna kamera ya bei yoyote ambayo ingenionyesha ua ule.

Onyo dogo: katika familia nyingine picha kubwa ya uso ya mzee, nyeusi na nyeupe, yenye fremu, ni ya msibani. Mpe ya rangi, saizi ya kawaida.

Basi nipige za rangi au nyeusi na nyeupe?

Beijing ni mji wa kijivu wenye vitone vya nyekundu, na nyekundu hiyo hupotea ukiondoa rangi. Nyeusi na nyeupe hukimbiliwa kwa sababu inaufanya mtaa uonekane wa mwaka 1930, na mtaa si wa 1930. Kuna pikipiki ya umeme ya mleta chakula katikati yake, ya njano au ya bluu. Mwache awemo.

Nitazame kazi za nani?

Xu Yong alizipiga hutong mwaka 1989 zikiwa karibu tupu, kama anayeaga, na baadaye akawa miongoni mwa walioanzisha matembezi ya watalii kwa baiskeli za miguu mitatu. Lu Yuanmin aliwapiga Washanghai ndani ya vyumba vyao, na kando ya mto Suzhou, kwa utulivu unaoumiza. Hedda Morrison, Mjerumani, aliishi Beijing kuanzia 1933 hadi 1946 akizunguka na baiskeli, na picha zake zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Harvard. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alikuwa Shanghai Desemba 1948 watu walipobanana nje ya benki kutafuta dhahabu. Fan Ho alizaliwa Shanghai ila mitaa yake ni ya Hong Kong ya miaka ya 1950, na ndiye bingwa wa vivuli.

Ninayempenda kuliko wote ni Liu Tao wa mji wa Hefei. Alikuwa msoma mita za maji. Alipiga picha mitaa michache ileile ya njia yake ya kazi, mwaka hadi mwaka, picha za kuchekesha, mpaka zikamfanya ajulikane nchi nzima mwaka 2014. Wachina humwita mpiga picha wa aina hiyo anayefanya *saojie*, kufagia mtaa. Anayefagia hufagia palepale kila siku.

Mambo ya karatasi, pesa na mtandao?

Viza ya utalii haikuruhusu kufanya kazi ya uandishi wa habari. Usijitambulishe hivyo kwa mzaha. Ndani ya saa 24 za kufika lazima uandikishwe polisi: hoteli inakufanyia, ila ukilala kwa rafiki mnakwenda wenyewe kituoni. Pasipoti tembea nayo. Unganisha kadi yako ya benki na Alipay au WeChat kabla, kwa sababu hata muuza viazi vitamu vya kuchoma anataka uskani msimbo wake kwa simu. WhatsApp, Instagram na Google hazifunguki kwa mtandao wa kule, kwa hiyo kama picha zako hujihifadhi mtandaoni zenyewe, hakikisha una diski.

Nina siku moja tu Beijing. Nipite wapi?

Shuka kituo cha Fuchengmen, laini namba 2, kabla ya saa moja asubuhi. Tembea mashariki hadi uone mnara mweupe wa hekalu la Baitasi, uliojengwa karne ya 13 na fundi kutoka Nepal. Ingia vichochoro vya Gongmenkou vinavyolizunguka. Mnara utakuwa unachungulia juu ya mapaa kila ukigeuka, kwa hiyo hupotei. Kula jianbing, chapati yao ya mayai. Saa sita pumzika kama wenyeji. Alasiri nenda uwanja ulio kati ya Mnara wa Ngoma na Mnara wa Kengele, ambako wazee hupigiana kwa miguu kidude chenye manyoya na hawakosei, halafu shuka ziwani Houhai uwaone wanaoogelea, hata barafu ikiwepo.

Saa kumi jioni simama kichochoro chochote nyuma ya Mnara wa Ngoma, uzime simu, usikilize juu. Filimbi za njiwa zinasikika kabla njiwa hawajaonekana, na una sekunde nne hivi za kuinua kamera.